Masika si "Majira ya Kuchipua": Uhakiki wa Somo la Majira katika Madarasa ya Nakivale na Mbarara



Katika ukurasa huu tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Safari hii tunahakiki kitu kidogo zaidi: bango moja la ukutani na mpango wa somo unaoandamana nalo. Tumefanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, bango la namna hii husomwa na watoto wengi kuliko riwaya yoyote tunayoifundisha idarani. Pili, makosa yaliyomo, kwa kiasi kikubwa, ni yetu sisi walimu wa Kiswahili.

Bango lenyewe lina mti mmoja uliochorwa mara nne. Katika picha ya kwanza mti umejaa maua. Katika ya pili una majani mabichi. Katika ya tatu majani yamegeuka mekundu na yanapukutika. Katika ya nne matawi ni matupu na yamefunikwa na theluji. Chini ya picha hizo yameandikwa maneno manne: masika, kiangazi, vuli, kipupwe. Mpango wa somo unaitwa "Juma la Masika". Siku ya kwanza watoto hupanda haragwe katika pamba iliyoloweshwa maji. Siku ya pili hutengeneza maua ya karatasi. Siku ya tatu huchora kiota cha ndege, na siku ya nne huimba. Ijumaa huwa na sherehe ya "masika ya mataifa", ambapo kila mtoto huja na vazi au chakula cha kwao. Yeyote aliyewahi kuona vitabu vya watoto wa Ulaya au Marekani atatambua mara moja chimbuko la mpango huu. Lililofanyika ni kubandika maneno ya Kiswahili juu yake.

Tumeuona ukitumika katika shule moja mjini Mbarara na katika darasa moja la tatu huko Nakivale, na ni hilo la Nakivale tungependa kulieleza. Makazi ya Nakivale yapo wilayani Isingiro, karibu na mpaka wa Tanzania, mwendo wa kama kilomita 60 kutoka Mbarara. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na yanahesabiwa miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya kale zaidi barani Afrika. Leo yana watu zaidi ya laki moja, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Katika darasa moja unaweza kusikia Kiswahili cha Kivu, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kinyankore kabla kengele haijalia.

Mwalimu wa siku hiyo alikuwa mwalimu tarajali wetu, kijana hodari, aliyejiandaa vizuri. Alikuwa ameanza kueleza picha ya kwanza, ile ya maua, pale mvua ya kwanza ya mwezi Machi ilipoanguka. Walimu wenzetu mnaofundisha chini ya paa la bati mnajua ilivyokuwa: sauti ya mwalimu ilizama. Mtoto mmoja aliyekaa karibu na dirisha akasimama, akasema kwa furaha, "Mwalimu, mvula imefika!" Wenzake wakacheka. Mwalimu akamsahihisha kwa upole, "Si mvula, ni mvua. Kaa chini." Kisha akawaandikia ubaoni kwamba wanakili bango mpaka mvua ikatike. Kwa dakika ishirini na tano watoto wale walichora theluji, huku masika yenyewe yakinyesha nje ya dirisha.

Baada ya somo tulimwuliza kwa nini hakulitumia tukio lile. Akajibu, "Mwalimu, nilifundisha kama nilivyofundishwa." Hatukuwa na la kumjibu. Katika mazoezi yetu ya tafsiri tumewahi kukubali masika kuwa jina la majira yale ya Ulaya ambayo miti huchipua, na vuli kuwa jina la yale ambayo majani hupukutika, tukawapa wanafunzi alama kamili. Bango lile halikubuni kosa. Lilitukuta nalo.

Maneno manne na maana zake

Tuanze na maneno. Masika ni mvua kubwa za Machi hadi Mei katika pwani ya Afrika Mashariki. Vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo pwani huwa chache kuliko za masika. Kipupwe ni wakati wa ubaridi wa katikati ya mwaka, Juni hadi Agosti. Kiangazi ni wakati wa jua kali na ukame, hasa Desemba hadi Februari. Maneno haya yalizaliwa pamoja na kaskazi na kusi, pepo zilizoendesha majahazi na kuleta mvua. Hakuna hata moja kati yake linalozungumzia theluji, wala mti unaopukutisha majani kwa sababu ya baridi.

Majira manne ya Ulaya yana chanzo kingine. Dunia imeinama katika mzunguko wake, na kadiri unavyokwenda mbali na ikweta ndivyo mchana unavyorefuka sana wakati mmoja wa mwaka na kufupika sana wakati mwingine. Mti wa huko husinzia kwa baridi na giza, kisha huamshwa na joto na mwanga. Hapa kwetu hali ni tofauti. Nakivale haifiki hata nyuzi moja kamili kusini mwa ikweta. Mchana wa Januari na mchana wa Julai karibu ni sawa, kama saa kumi na mbili. Kinachoiamsha mbegu hapa ni maji. Ukanda wa mvua hulifuata jua linapohama kaskazini na kurudi kusini, hivyo hutupitia mara mbili, na kwa sababu hiyo tuna mvua mbili kwa mwaka.

Kwa hiyo mtoto anayefundishwa kwamba masika ni wakati wa joto kurudi amekosa mara mbili. Amekosa sayansi, kwa kuwa sababu aliyopewa si ya kwao. Amekosa pia Kiswahili, kwa kuwa neno alilopewa limevuliwa maana yake. Akikutana siku moja na mkulima wa Tanga au baharia wa Lamu wataitana masika na masika, na kila mmoja atakuwa na lake kichwani. Jina "majira ya kuchipua" lipo na linafaa kwa ajili ya Ulaya. Tulitumie huko, tuliachie masika mvua yake.

Hata hivyo, hatutaki kuruka kutoka kosa moja na kuangukia jingine. Baadhi yetu, tukishasahihishwa hivyo, hukimbilia kuwafundisha watoto wa Isingiro kwamba vuli ni "mvua ndogo", kama vitabu vya pwani vinavyosema. Mtoto wa hapa atashangaa, maana mvua za Septemba hadi Desemba katika nchi ya Ankole si ndogo. Mara nyingi hulingana na zile za Machi hadi Mei au kuzizidi. Pwani nayo ni mahali pamoja kati ya mahali pengi. Neno la Kiswahili sanifu halina budi kuelezwa pamoja na nchi lilikotoka.

Kilichomo nyumbani kwa watoto

Jambo lililotusikitisha zaidi ni kwamba darasa lile lilikuwa na hazina ya maneno ya majira kuliko bango. Kinyarwanda kina majina manne kamili: umuhindo kwa mvua zinazoanza Septemba, urugaryi kwa ukame mfupi wa mwanzo wa mwaka, itumba kwa mvua kubwa za Machi hadi Mei, na impeshyi kwa kiangazi kirefu. Kisomali pia kina manne: gu' ni mvua kuu za kuanzia Aprili, xagaa ni ukavu unaofuata, deyr ni mvua za Oktoba na Novemba, na jilaal ni ukame mkali unaomaliza mwaka na kuanza mwingine. Wanyankore huita wakati wa ukavu ekyanda. Waganda wana ttoggo kwa mvua za kwanza na ddumbi kwa za pili, na majina yao ya miezi ni somo zima la elimu ya viumbe: Machi ni Mugulansigo, mwezi wa kununua mbegu, na Novemba ni Museenene, mwezi wa senene.

Tazameni sasa neno mwaka. Katika lahaja za kaskazini za Kiswahili neno hili limetumika pia kwa maana ya mvua kubwa, zile zinazoitwa kwingine masika. Msomali akitaja umri wake anaweza kuuhesabu kwa gu', yaani kwa mvua alizoziona. Waganda wa zamani walihesabu omwaka mmoja kwa kila mvua, miezi sita sita, hivyo mtu wa miaka yetu thelathini alikuwa na sitini kwa hesabu yao. Jamii tatu zilizo mbalimbali zimekubaliana kwamba kuishi ni kuhesabu mvua. Mwalimu anayewauliza watoto "una miaka mingapi?" tayari ameanza somo la majira bila kujua.

Na yule mtoto wa "mvula"? Yeye hakukosea kwa namna wenzake walivyodhani. Kinyarwanda na Kirundi husema imvura, Kinyankore husema enjura, na lugha kadhaa za Kibantu za kusini mwa bara zina mvula. Kiswahili cha pwani ndicho kilichoidondosha ile l iliyokuwa katikati ya irabu, kikabaki na mvua. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kimeishika. Mtoto yule alitamka umbo la kale zaidi, akachekwa na walioshika lililo jipya. Ni kweli kwamba katika mtihani ataandika mvua, nasi tutamfundisha hivyo. Lakini kumwambia "huku sanifu ni mvua, na mvula ni ndugu yake mkubwa" ni tofauti kabisa na kumwambia "si mvula, kaa chini". Ikiwa mtoto atajifunza kwamba Kiswahili alichokuja nacho ni aibu, atanyamaza, na mwalimu atakuwa amempoteza msemaji bora wa lugha hiyo darasani mwake.

Suala hili si dogo kwa Uganda ya leo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tunalia kila siku kwamba hatuna walimu wa kutosha. Wakati huohuo Nakivale ina maelfu ya watoto wanaonunua nyanya, wanaogombana na kupatanishwa kwa Kiswahili. Watakuwa walimu wa kesho ikiwa shule haitawafundisha kwanza kwamba hawakijui.

Haragwe katika pamba

Tuje kwenye vitendo, maana mpango ule unajisifu kuwa ni wa kujifunza kwa kutenda. Tunaukubali msingi huo bila kusita. Mtaala wa mada uliotungwa na Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala na kuanzishwa mwaka 2007 kwa madarasa ya chini unataka hivyohivyo: mtoto aanzie nyumbani, shuleni, katika jamii na mazingira yake, kwa lugha anayoifahamu. Swali letu ni moja: je, mtoto anatenda jambo ambalo jibu lake halijui?

Mtoto wa mjini London anapoona haragwe likipasuka katika pamba huenda anaona jambo jipya. Mtoto wa Nakivale ambaye familia yake inalima kipande cha ardhi amekwisha kupanda maharage na mama yake zaidi ya mara moja. Kumpa pamba ni kumrudisha nyuma. Anajua litaota. Asilolijua, na ambalo darasa linaweza kumpa, ni kulinganisha, kupima na kuandika.

Kwa mfano, apande haragwe na hindi katika makopo mawili ya udongo, ayamwagilie sawa, ahesabu siku. Ataona kwamba haragwe huchomoza likiwa limeinama, kisha hunyooka na kuzibeba nusu mbili za mbegu yake juu ya ardhi, ilhali hindi huiacha mbegu yake chini na kutoa jani jembamba kama sindano. Apande kopo la tatu asilimwagilie, na la nne alimwagilie lakini aliweke gizani. Lile kavu halitaota kabisa. Lile la gizani litaota, lakini mche utakuwa mrefu, dhaifu na wa rangi ya manjano. Hapo ndipo atakapogundua mwenyewe kwamba kwetu maji ndiyo hufungua mlango na mwanga hufuata. Wakati huohuo atakuwa ameyatumia maneno mche, shina, jani, mzizi, kuchipua, kunyauka, na wenzake watakuwa wameyaita maharage ebihimba, ibishyimbo, ibiharage, maharagi na digir.

Kiota cha ndege nacho kina habari. Katika bango ndege ni yule mdogo wa Ulaya mwenye kifua chekundu. Lakini Nakivale ipo kando ya ziwa lenye jina hilohilo, na ardhi oevu ya Mburo na Nakivali iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Korongo-taji, ndege aliyemo katika bendera ya Uganda, hujenga kiota chake chini, katikati ya nyasi na matete ya mahali pa aina hiyo. Na mnana, yule ndege mfumaji, husuka kiota chake mvua zinapokuwa zimeleta nyasi mbichi, kwa kuwa nyasi kavu hukatika. Kiota cha mnana kilichoanguka chini ya mti kinaweza kuletwa darasani na kufumuliwa uzi mmoja mmoja. Hakihitaji kalamu ya rangi hata moja.

Kuna na kivuli. Simika fimbo iliyonyooka uwanjani siku zinazokaribia Machi 20, uwaombe watoto watie alama mwisho wa kivuli kila baada ya dakika chache. Kitafupika mpaka karibu kutoweka, na hilo halitatokea saa sita bali karibu na saa saba mchana, kwa sababu saa yetu ya Afrika Mashariki inafuata mstari ulio mbali upande wa mashariki. Rudia Juni: kivuli cha mchana kitaelekea kusini, upande wa Tanzania. Rudia Desemba: kitaelekea kaskazini. Mtoto aliyeona hivyo kwa macho yake atakielewa kisa cha mvua mbili, na baadaye, akifika madarasa ya juu, ataelewa kwa nini huko Ulaya kuna theluji. Hatupingi afundishwe majira manne ya nchi za mbali. Tunapinga aanzie huko.

Sherehe ya Ijumaa

Sehemu ya tamaduni ndiyo iliyotupa shida zaidi, kwa sababu nia yake ni njema. Kila mtoto aje na vazi la kwao, chakula cha kwao, ngoma ya kwao. Lakini tulipoiona sherehe hiyo mjini Mbarara, watoto wenye wazazi wenye uwezo walikuja wamependeza, na wengine walikaa nyuma. Huko Nakivale tatizo ni zito zaidi. Mtoto aliyezaliwa hapohapo makazini na wazazi waliotoka Kivu atavaa nini ili awe "wa kwao"? Yule ambaye nyumba yao iliachwa usiku ataleta chombo gani? Utamaduni ukiwa ni kitu cha kubeba, aliyepoteza vitu anaonekana hana utamaduni.

Aidha, sherehe huhama na watu lakini huwa haihami na majira yake. Nauruzi ya Uajemi ni sikukuu ya mwaka mpya inayoangukia Machi, miti inapochipua. Ilipofika pwani yetu ikawa Nairuzi, mwanzo wa mwaka wa jua wa Waswahili, ambao siku zake zilihesabiwa kwa miongo, kumi kumi, na kutumiwa na mabaharia na wakulima. Mwaka ule ulikuwa na siku 365 bila siku ya nyongeza, basi ukasogea kidogo kidogo. Leo Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, huadhimishwa Julai, katika kipupwe. Mtu akisema hiyo ni "sikukuu ya masika ya Waswahili", atakuwa amekosea majira na amekosea historia.

Tungependekeza jambo la unyenyekevu zaidi. Mvua za kwanza zikishanyesha juma moja au mawili, mboga moja huota kila mahali bila kupandwa: kando ya choo, kwenye jalala, nyuma ya darasa. Pwani huitwa mchicha, mashariki ya Kongo huitwa lengalenga, hapa Ankole na Buganda huitwa dodo. Kila mtoto anaweza kuuleta, tajiri na maskini. Aulize nyumbani: unaitwaje, nani huupika, hupikwa na nini, nani haruhusiwi kuula na kwa nini? Siku nyingine yawe majani ya muhogo, ambayo ni kisamvu Tanzania, sombe Kongo na isombe kwa Wanyarwanda. Siku nyingine wawe kumbikumbi, wale mchwa wenye mabawa wanaotoka kichuguuni baada ya mvua, wanaodondosha mabawa yao na kutafuta wenza ili kuanzisha vichuguu vipya. Wapo watoto watakaosema ni watamu wakikaangwa, na wapo watakaoshangaa kwamba kuna mtu anawala. Mshangao huo ukisimamiwa kwa heshima ndio somo la kuishi pamoja, ambalo nalo ni mada katika mtaala wa darasa la kwanza.

Tahadhari moja ni lazima. Tusimwulize mtoto alitokaje kwao. Tumwulize mboga hii inaitwaje kwao. Swali la kwanza linaweza kufungua jeraha mbele ya watu sabini. La pili linampa jambo la kuwafundisha wenzake. Wala tusimfanye mtoto mmoja kuwa msemaji wa taifa zima. Aseme "nyanya yangu huita hivi", na hiyo inatosha.

Mashaka yanayoelekea kuulizwa

Walimu wenzetu watatuambia kwamba madarasa yamejaa, na kutoka nje na watoto themanini si mchezo. Ni kweli, na ndiyo maana tumechagua mambo yanayofanyika kwa kopo, fimbo na jani. Watoto wanaweza kutoka kwa makundi, wengine wakiandika. Watatuambia pia kwamba ratiba haifuati mvua. Hilo nalo ni kweli. Hali ya hewa ni mada ya tano kati ya kumi na mbili za darasa la kwanza, hivyo huangukia mwanzo wa muhula wa pili, ambapo kiangazi cha Juni kimeingia. Mwalimu anayefuata kitabu neno kwa neno atafundisha mvua wakati wa vumbi. Tunaona hakuna dhambi kuanza kuandika kumbukumbu Machi, kwa dakika tano kila asubuhi, ili mada ikifika Juni watoto wawe na daftari lenye mvua ndani yake.

Shaka la tatu ni gumu. Itakuwaje mvua isiponyesha? Isingiro ni wilaya inayojua ukame, na kwa familia inayotegemea kipande kidogo cha ardhi, Machi isiyo na mvua si somo bali ni njaa. Hatuna jibu la kulifuta hilo. Tunasema tu kwamba daftari lenye siku tupu nalo lisomwe, lisifichwe. Mtoto aliyeandika "hakuna mvua" siku ishirini mfululizo ameandika ukweli wa nchi yake, na mwaka unaofuata atakuwa na kitu cha kulinganisha. Bango la maua lingemwambia kwamba masika yamefika kwa sababu kalenda imesema.

Tulirudi katika darasa lile mwezi Mei. Mwalimu tarajali wetu alikuwa ameligeuza bango, na upande wa nyuma, uliokuwa mweupe, alikuwa amechora duara lenye miezi kumi na miwili. Watoto walikuwa wamejaza majina: itumba, gu', ttoggo, masika, na pembeni, kwa mwandiko wa mtoto, mvula. Septemba hadi Desemba palikuwa bado patupu. Alituambia kwamba anangoja mvua ya pili ili wapajaze pamoja.

Tunawaomba wasomaji, hasa walimu mlio Juru, Rubondo, Base Camp na Mbarara, mtuletee majina ya mvua, ya mboga na ya wadudu wa mvua mliyoyasikia kwa wanafunzi wenu, pamoja na jina la lugha na mwezi. Tutayachapisha katika matoleo yajayo. Na wanafunzi wetu wa mwaka wa pili wanakumbushwa kwamba katika zoezi lijalo la tafsiri, masika hayatakubaliwa tena mahali pa majira ya kuchipua. Wahadhiri nasi tumekwisha kujisahihisha.